Mazungumzo ya Jamaa: Mwuzaji Anayebisha Hodi



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya biashara moja isiyo na duka, wala meza sokoni, wala kibao mlangoni, na hata hivyo imeingia katika nyumba nyingi za Wakristu. Ni biashara ya mtu anayechukua mali yake ndani ya mfuko, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki, akapita nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Akikaribishwa huketi, huuliza habari za watoto na za shamba, kisha hufungua mfuko wake. Ndani yake mna sabuni, manukato, mafuta ya ngozi, bakuli za plastiki, vidonge na unga wa kunywa. Mara nyingi mtu huyo si mgeni. Ni shemeji, ni mama wa ubatizo, ni mwenzetu wa shirika tunayesali naye kila juma. Ndiyo maana ni vigumu kumwambia hapana.

Tuseme mara moja, ili mtu asituelewe vibaya: kuuza nyumba kwa nyumba si dhambi, wala si aibu. Mchuuzi anayeshika njia ya Kabambare na mzigo wake, ili mama wa kijijini apate chumvi na sabuni bila ya kutembea siku nzima, huyo anafanya kazi njema, na faida yake ni ujira wa jasho lake. Lakini kando ya kazi hiyo inatembea nyingine inayovaa nguo zake na kusema kwa sauti yake, nayo si kazi bali ni mtego. Leo twataka kuzitenganisha hizo mbili, kama mama anavyopepeta mchele, akatupa makapi na kubakiza chakula cha watoto.

BIASHARA HII ILIVYOANZA

Wachuuzi wa njiani wako tangu zamani katika kila nchi. Lakini biashara hii kwa namna tunayoiona leo, yaani kampuni kubwa isiyouza dukani bali kwa mikono ya watu wa kawaida, ilikua kwanza huko Marekani. Mwaka 1886 mtu mmoja aitwaye David McConnell alikuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba. Ili afunguliwe mlango, aliwapa akina mama zawadi ya kichupa kidogo cha manukato. Baadaye akaona kwamba wanawake walipenda manukato kuliko vitabu! Akaacha vitabu, akaanzisha kampuni ya manukato, ambayo baadaye iliitwa Avon. Wauzaji wake walikuwa wanawake. Wakati ule wanawake wa Marekani walikuwa na kazi chache sana za kuwapatia fedha zao wenyewe. Kazi hii iliwapa wengi wao fedha ya kwanza mkononi. Basi twaona kwamba mwanzo wake haukuwa mbaya.

Miaka mingi baadaye fundi mmoja, Earl Tupper, alitengeneza vyombo vya plastiki vyenye kifuniko kinachobana sana. Vilipowekwa madukani, watu walivipita tu, kwa sababu hawakujua jinsi ya kuvifunga. Ndipo mama mmoja, Brownie Wise, alipovionyesha kwa majirani waliokusanyika nyumbani, huku wakinywa chai. Vikanunuliwa sana, hata mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani, ikawa inauza kwa mikutano ya nyumbani tu. Kampuni hiyo, Tupperware, ilijulikana dunia nzima; lakini mwezi wa Septemba 2024 madeni yaliilemea, ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi. Tulikumbuke jambo hilo: hata kampuni yenye jina kubwa yaweza kuanguka.

Mwaka 1959, katika jimbo la Michigan, ilianzishwa kampuni nyingine iitwayo Amway. Katika kampuni hiyo mwuzaji hapati faida kwa vitu anavyouza mwenyewe tu. Akimwingiza mwuzaji mwingine chini yake, hupata pia sehemu ya mauzo ya huyo. Naye akiingiza wengine, faida hupanda tena hata kwake wa juu. Amway haikuwa ya kwanza kutumia njia hiyo, lakini ilikua kuliko nyingi, na kampuni nyingi zikaiga. Leo hesabu ya wauzaji wa namna hizi zote, duniani kote, yapita milioni 100, na mauzo yao ya mwaka mmoja yapita dola bilioni 160.

Kwa nini biashara hii yakua pia katika nchi zetu? Sababu zake twazijua. Kazi za mshahara ni chache. Vijana wametoka shule na vyeti vyao vimelala sandukuni. Njia za kutoka Bukavu, Kalemie na Kindu ni mbaya, na kila kitu kifikacho Kasongo kimelipiwa kwa taabu. Tena watu wana fedha kidogo kidogo: huyu ameuza mpunga, yule mawese, mwingine ametoka machimbo ya dhahabu upande wa Namoya. Basi akija mtu na kusema, “Huhitaji duka, huhitaji diploma, lipa kiingilio tu, uwe mfanya biashara,” maneno hayo huingia moyoni kama mvua katika shamba kavu.

HESABU YA WATOTO WA SHULE

Sasa tuutazame ule mtego. Twauita mnyororo, kwa kuwa kila mtu amefungwa na mwenzake. Katika mnyororo, mtu hulipa fedha ili aingie. Vitu vya kuuza huenda vipo, huenda havipo. Hata vikiwapo, ni kama kifuniko tu. Faida yenyewe haitoki kwa mnunuzi anayetumia sabuni. Yatoka kwa kiingilio cha mtu mpya. Huambiwa hivi: “Leta watu 5 tu. Nao kila mmoja alete 5. Wewe utakaa nyumbani na fedha itakuja yenyewe.”

Wanafunzi wetu, chukueni kalamu. Tuseme mtu wa kwanza yuko Lusangi. Anaingiza watu 5. Hao 5 wanaingiza kila mmoja 5, ndio 25. Daraja la tatu ni watu 125. La nne 625. La tano 3,125. La sita 15,625. Tayari tumemaliza watu wa vijiji vingi. Daraja la nane ni watu 390,625. Daraja la kumi na mbili ni watu 244,140,625. Ikiwa kila mwezi daraja moja linajaa, basi kabla ya mwaka kupita twahitaji watu wengi kuliko Wakongo wote, wazee na watoto wachanga pamoja. Watu hao watatoka wapi?

Fanyeni na hesabu ya pili. Simamisheni mnyororo katika daraja la sita. Pamoja na yule wa kwanza, walioingia wote ni 19,531. Kati yao, walio chini kabisa, ambao hawakupata mtu wa kumwingiza, ni 15,625. Hiyo ni kama kusema kwamba kati ya watu 5, watu 4 wamepoteza. Na mnyororo ukisimama daraja lolote, hesabu haibadiliki: karibu wanne katika kila watano wako chini. Kama kila mmoja alitoa dola 50, hao wa chini wametoa dola 781,250, wala hawana chini yao mtu wa kuwarudishia hata dola moja.

Angalieni vema, ndugu zetu. Watu hao hawakupoteza kwa sababu ya uvivu, kama wakubwa wao watakavyowaambia. Walipoteza kwa sababu mnyororo hauwezi kusimama bila ya watu wengi kupoteza. Mkulima akivuna vizuri, jirani yake hanyang'anywi kitu. Lakini katika mnyororo, kila dola ya faida yangu ni dola ya hasara ya mwenzangu. Basi hii ni biashara gani?

YALIYOTOKEA KWETU NA KWA JIRANI

Mtu asidhani kwamba twasimulia hadithi za kutunga. Wazazi wengi wanaikumbuka miaka ya 1990 na 1991, nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire. Huko Kinshasa ilitokea kazi iliyoitwa Bindo Promotion, kwa jina la mwenyewe, Michel Bindo. Watu walipeleka fedha zao, wakaahidiwa kurudishiwa nyingi zaidi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, na hapo ndipo penye hila: aliyelipwa akawa shahidi, akamwambia jirani, na jirani akauza alichokuwa nacho ili asikose bahati. Lakini fedha ya kuwalipa wa kwanza ilikuwa ni fedha ya wa nyuma. Mwaka 1991 kazi hiyo ikaanguka, pamoja na nyingine zilizoiga, na watu wengi wakabaki na karatasi mkononi.

Huko Kenya mambo kama hayo yalienea sana katika miaka ya 2006 na 2007. Serikali ikaweka tume, nayo mwaka 2009 ikahesabu kazi za namna hiyo karibu 270, zilizopoteza shilingi kama bilioni 8, mali ya watu karibu laki moja na nusu. Mwaka huo huo wa 2009 Serikali ya Tanzania ilisimamisha chama kiitwacho DECI, na viongozi wake wakapelekwa mahakamani. Wanachama wake walitumia maneno ya “kupanda mbegu” na “kuvuna”. Tazameni jinsi maneno matakatifu ya Injili yanavyoweza kuvikwa tamaa ya fedha! Mpanzi wa Injili alipanda ardhini, akangoja mvua ya Mungu; hakupanda katika mfuko wa jirani yake.

Na katika Ulaya, nchi ndogo ya Albania iliingiwa na homa hiyo hiyo. Wenyeji wengi, karibu theluthi mbili yao, waliweka fedha humo. Wengine waliuza nyumba na mifugo. Mwanzo wa mwaka 1997 minyororo ikakatika. Watu wakaasi, ghala za silaha zikavunjwa, serikali ikaanguka, na watu kama 2,000 wakapoteza maisha. Basi mambo haya si mchezo wa watu wachache wenye pupa. Yaweza kuwasha nchi moto.

SHERIA ZA MATAIFA ZASEMAJE?

Mataifa mengi yamejaribu kulinda raia bila ya kuua kazi halali ya wauzaji. Twaweza kujifunza mengi kwao.

Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani iliikata kesi ya Amway tuliyoitaja juu. Swali lilikuwa hili: je, ni kampuni halali au ni mnyororo? Tume iliona kwamba si mnyororo, kwa kuwa ilikuwa na kanuni tatu. Kwanza, mwuzaji akiacha kazi, bidhaa zilizobaki zinunuliwe tena kutoka kwake. Pili, ili apewe faida ya nyongeza, awe ameuza walau 70 kwa mia ya bidhaa alizonunua mwezi huo. Tatu, ili apewe faida ya walio chini yake, aonyeshe kwamba kila mwezi ameuza kwa wanunuzi 10 wasiopungua. Hata hivyo tume hiyo hiyo iliikataza kampuni kuwadanganya watu juu ya mapato watakayopata.

Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya kampuni nyingine kubwa, Herbalife. Ilikubali kulipa dola milioni 200, na kubadili desturi zake, ili wauzaji walipwe kwa vitu vilivyouzwa kweli kwa wanunuzi, si kwa kuandikisha watu. Mwaka 2017 fedha hiyo iligawiwa kwa watu karibu 350,000 waliopata hasara.

Serikali ya China ilifanya kwa ukali zaidi. Mwaka 1998 ilipiga marufuku biashara hiyo yote. Kisha mwaka 2005 ikaruhusu uuzaji wa nyumba kwa nyumba kwa kampuni zenye kibali, lakini mnyororo ukabaki marufuku. Uhindi nayo iliweka kanuni mpya mwishoni mwa mwaka 2021, inayokataza kabisa kuuza kwa mnyororo.

Sheria nyingine zinamsaidia mnunuzi mwenyewe. Zinajua kwamba mtu aliyefuatwa nyumbani kwake hununua kwa haya au kwa haraka. Kwa hiyo zinampa siku za kufikiri. Huko Marekani, tangu sheria iliyotungwa mwaka 1972, aliyenunua mlangoni ana siku 3 za kuvunja mapatano, arudishiwe fedha yake. Afrika ya Kusini, kwa sheria ya mwaka 2008, ana siku 5 za kazi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2011, ana siku 14.

Mkizitazama sheria hizo zote pamoja, mtaona kwamba zina wazo moja. Fedha ya mwuzaji itoke kwa kitu kilichouzwa kwa mtu anayekitumia. Ikitoka kwa kiingilio cha mwenzake, ni udanganyifu, hata kama umefungwa katika karatasi nzuri yenye picha za rangi.

NA SHERIA YA NCHI YETU?

Hapa Kongo, sheria ya tarehe 8 Agosti 1990, namba 90-046, ndiyo iliyopanga mambo ya biashara ndogo. Inasema kwamba biashara hiyo ni ya raia wa nchi, na kwamba anayeifanya lazima awe na patenti. Basi mwuzaji akibisha hodi, si utovu wa adabu kumwuliza patenti yake. Mwenye nayo ataionyesha kwa furaha. Na wewe mama uliyeanza kuuza, usiikimbie patenti ukidhani ni mzigo tu. Ndiyo inayokutenga na matapeli.

Tena, Kitabu cha Sheria za Adhabu cha nchi yetu, katika kifungu cha 98, kinamtazama mtu anayejipatia mali ya mwenzake kwa jina la uongo, au kwa cheo cha uongo, au kwa hila za kumsadikisha kwamba kuna kazi fulani, kumbe hakuna. Mtu huyo aweza kufungwa tangu miezi 3 hata miaka 5. Kwa hiyo aliyedanganywa asiseme, “Yamekwisha, ni ujinga wangu.” Aende kushtaki, akiwa na karatasi zake na majina ya mashahidi. Na mtu anayepokea akiba za watu wote na kuahidi faida, huyo si mchuuzi tena. Kazi hiyo yahitaji ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Asiye nayo, msimpe hata faranka moja.

Lakini tuseme ukweli. Mahakama iko mbali na vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare, na njia ya kuifikia yala fedha. Tapeli naye husafiri upesi. Asubuhi yuko hapa, jioni simu yake haishikwi. Sheria ya nchi ni ukuta, lakini ukuta usio na mlinzi hurukwa. Mlinzi wa kwanza ni baba na mama wenyewe, mlangoni pao.

LIKELEMBA SI MNYORORO

Wengine watasema: “Mbona hata sisi twachanga fedha katika likelemba? Je, nayo ni mbaya?” Hapana. Tuzilinganishe.

Katika likelemba, watu ni wachache, nao wanajuana. Tuseme ni 10, kila mmoja atoa faranka sawa kila juma, na kila juma mmoja apokea zote. Baada ya majuma 10, kila mmoja ametoa sawasawa na alichopokea. Hakuna aliyepata faida, hakuna aliyepata hasara. Wamesaidiana tu, huyu akanunua mbuzi, yule akalipa ada ya shule. Duara limefungwa, wala halihitaji mgeni.

Mnyororo hauna duara. Unamhitaji mgeni kila siku, na siku akikosekana mgeni, unakufa. Likelemba yauliza: “Je, mwenzetu ataweza kulipa?” Mnyororo wauliza: “Ni nani tena tumlete?” Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa kama tofauti ya kisima na moto. Kisima hutoa maji kwa zamu. Moto huishi kwa kula kuni mpya.

MASWALI YA MLANGONI

Sasa twawapa maswali manne. Yaandikeni katika daftari, na watoto wanaojua kusoma wawasomee wazazi.

Swali la kwanza: Faida yako yatoka wapi? Mwuzaji wa kweli atasema: “Nimenunua sabuni kwa bei hii, nauza kwa bei ile.” Akianza kuchora mistari na viduara, na kutaja watu wa kulia na wa kushoto, mshukuru kwa kukutembelea, kisha msindikize.

Swali la pili: Je, jirani asiye na cheo chochote katika kampuni angenunua kitu hiki kwa bei hii? Ikiwa wanunuzi wote ni wale wanaotaka kupanda cheo, basi hawanunui bidhaa. Wananunua matumaini.

Swali la tatu: Nikishindwa kuuza, mtanirudishia fedha? Kampuni halali hujibu kwa maandishi. Jibu la mdomo tu, lisitoshe. Wala msichukue bidhaa kwa mkopo ili mkaanze kazi hii. Kasongo yetu yajua uzito wa deni la biashara. Tippu Tip alipokaa hapa, tangu mwaka 1875, mali ya safari zake ilikopwa Unguja kwa tajiri Taria Topan, na ilipaswa kurudi kwa pembe za ndovu. Aliyebeba mzigo mzito wa mapatano hayo hakuwa tajiri wa Unguja, bali mwanakijiji wa Maniema. Deni daima humshukia aliye chini kabisa.

Swali la nne ni juu ya dawa: Nani ameipima? Akikuambia kwamba unga mmoja waponya kisukari, na presha, na utasa, na ugonjwa wa UKIMWI, ujue kwamba mtu huyo si mganga, ni mwuzaji tu. Msiache vidonge vya kituo cha afya kwa ajili ya maneno yake. Fedha iliyopotea yaweza kutafutwa tena. Lakini mgonjwa aliyeachishwa dawa yake huenda asipate siku ya pili.

Baada ya maswali hayo, iwekwe kanuni moja katika kila jamaa: siku tatu za kufikiri. Nchi nyingine zimewapa raia wao siku hizo kwa sheria. Sisi tuwape watu wa nyumba zetu kwa mapatano. Kitu chochote kinachopita bei ya matumizi ya siku moja, kisinunuliwe siku kilipoletwa. Baba na mama wakae pamoja jioni, wazungumze. Baba asiweke kiingilio kwa siri, mama asijifiche na daftari la deni. Mwuzaji mwema atarudi baada ya siku tatu. Tapeli atasema, “Bahati hii ni ya leo tu.” Nanyi mmekwisha kumtambua.

UNDUGU HAUUZWI

Tumebakiwa na neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote.

Mnyororo hauanzi kwa wageni. Huanza kwa wale wanaotupenda. Mtu mpya huambiwa aandike orodha ya majina: ndugu, wakwe, marafiki, wenzake wa shirika, wenzake wa kwaya. Hao ndio “soko” lake. Siku ya mnyororo kukatika, mkubwa wa kampuni yuko mbali, hata sura yake haijulikani. Lakini shemeji yuko hapa hapa, nawe ndiwe uliyechukua dola zake 50 alizoziweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Mtakutana kisimani, mtakutana mazishini, mtakutana Misani. Mtapeana amani ya Kristu kwa mkono gani?

Amri ya Saba haikatazi tu kuingia usiku katika nyumba ya mtu. Inakataza kila njia ya kuchukua mali ya mwenzako bila ya haki, hata kama amekupa kwa mkono wake akicheka, ikiwa umemdanganya. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei ili kumla maskini. Mnyororo una kipimo kibaya kupita hicho, kwa maana mzani wake hutoa hesabu ya kweli kwa mmoja na ya uongo kwa wanne. Na ikiwa mtu ameingiza wenzake bila ya kujua, kisha akajua, hawezi kusema, “Nimeungama, yamekwisha.” Yampasa kuwaambia ukweli mara, asiingize mwingine tena, na kurudisha faida aliyoipokea kwa kadiri awezavyo. Ndivyo Zakayo alivyofanya, na wokovu ukaingia nyumbani mwake.

Kwa wauzaji wema twasema: msife moyo. Uzeni sabuni yenu, uzeni mafuta na vyombo, tembeeni na patenti yenu, semeni bei bila ya kuficha, na mkiulizwa swali la kwanza jibuni kwa uso mkavu. Kazi yenu ina heshima. Yule mama apitaye vijijini na kapu lake, akarudi jioni na faida ya kununua unga na dagaa, ana biashara bora kuliko mkubwa wa mnyororo aliye na gari. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichojazwa kwa kumwaga vibaba vya wenzako, hicho hakijai kamwe.

Na kwenu wanafunzi: kuna wazazi ambao hawakupata nafasi ya kujifunza hesabu mliyoifanya leo. Jioni hii, baada ya sala ya jamaa, wachoreeni chini kwa kijiti: 1, 5, 25, 125, 625. Endeleeni mpaka waone wenyewe mahali watu wanapokwisha. Labda mtaokoa mbuzi wa nyumbani, au ada yenu wenyewe.

Mungu abariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu. Juma lijalo, akipenda, tutazungumza tena.